Mji Tuliomnyima Fundi Cherehani

Sifa na shukrani ni zako, ee Mungu, uliyenifikisha uzee huu nikiwa na macho ya kusoma na vidole vya kuandika. Umenipa mke, watoto na wajukuu, shamba ambalo halijawahi kuninyima mahindi, na miaka mingi ya kuwafundisha watoto katekisimu. Nakushukuru hata kwa hili ninalotaka kulisimulia, ingawa bado nalisikia chungu mdomoni.

Nimewafundisha watoto wengi wasilale na hasira. Hii nimelala nayo, nikaamka nayo, nikaenda nayo misani.

Nilipostaafu ukatekista niliingia kwenye kundi moja la simu, kundi la waandishi wa Mpanda na vijiji vya Katavi. Neno waandishi lisikutishe. Ni walimu, mama lishe, waendesha bodaboda, muuza vipuri, mlinzi, na mimi mzee. Hatuna mchapishaji. Mtu huiweka hadithi yake kwenye kundi sura kwa sura, tunamsahihisha, na akimaliza anaipeleka steshenari Kashaulili. Wanaichapa, wanaibana pini mbili mgongoni na kuivika jalada la karatasi ngumu. Vitabu hivyo tunaviuza wenyewe, nje ya kanisa, sokoni, stendi. Walinifanya kiongozi wa kundi kwa sababu ya mvi tu.

Lakini kundi lilikuwa linakufa. Asubuhi picha za maua, mchana tangazo la msiba, jioni mtu anauza mbuzi. Mwenzetu akiweka sura aliyoihangaikia mwezi mzima, kimya. Ndipo nikaleta vitendawili.

Mchezo niliutunga mimi, na nilijivuna nao. Kila Jumapili saa kumi alasiri mwandishi mmoja alitega kitendawili. Jibu lake lilikuwa kitu kitakachotokea kwenye sura yake inayofuata. Anayepatia anatumiwa sura hiyo kabla ya wengine wote. Wakishindwa wote, wanampa mtegaji mji, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, naye kama utotoni anaweza kuukataa mji na kudai mwingine hadi apewe unaompendeza. Hapo nikaongeza sheria yangu: mji atakaoupokea lazima mhusika wake aende huko.

Kundi likafufuka. Mama lishe mmoja alipewa Tanga, akalalamika, "Jamani nyie, mjane wangu hajawahi hata kupanda basi!" Akampeleka hivyo hivyo, na ile sura ya mjane anayeogopa ngazi za basi ilituchekesha wiki nzima. Watu waliokuwa wamenyamaza miezi walianza kuandika. Jumapili saa kumi simu yangu ilitetemeka hadi mke wangu akaiwekea kitambaa chini isikwaruze meza.

Kulikuwa na fundi cherehani wa Shanwe, hapa hapa Mpanda mjini. Alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya watu waliokimbia Burundi. Baba yake alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake. Fundi mwenyewe hajawahi kuuvuka. Familia yao ilipewa uraia wa Tanzania yeye akiwa msichana. Alinifuata siku moja baada ya misa akiwa na daftari ndani ya mfuko wa vitambaa, akaniuliza kama kundi letu linapokea watu wa darasa la saba. Hadithi yake ilikuwa ya msichana anayekulia kwenye makazi kama yale, na nasema bila upendeleo kwamba hakuna mwingine kati yetu aliyeandika vizuri hivyo. Ilikuwa imebaki sura moja tu kitabu kiende steshenari.

Jumapili hiyo ilikuwa zamu yake.

"Kitendawili!" aliandika.

"Tega!" simu ikajaa.

"Yupo mgeni nyumbani kwetu. Hali, hanywi, hatoki nje. Siku akitoka, familia nzima inamfuata."

Wakaanza kubahatisha. Mmoja akasema jeneza. Akamjibu, "Jeneza halikai nyumbani, labda kwako." Mwingine akasema televisheni. "Ikitoka hiyo, familia inamfuata mwizi!" Tulicheka. Mimi nikasema Biblia ya familia. Akaniandikia, "Mwalimu umekaribia, maana vinakaa sanduku moja." Nikakuna kichwa. Tukashindwa wote, au ndivyo nilivyodhani.

"Nipeni mji," akasema fundi.

Aliyejibu wa kwanza ni mwenye duka la vipuri vya pikipiki Kashaulili. Ni mtu mwenye maneno mengi, na hadithi zake za majambazi zinauzika.

"Nenda Kigoma."

"Kigoma sitaki."

"Nenda Kasulu."

"Huo nao sitaki."

"Basi vuka kabisa, dada, nenda Bujumbura. Si ndio kwenu?"

Vile vichwa vya njano vinavyolia kwa kucheka vikamiminika. Mwingine akaongeza, "Huyo atafika mapema, njia anaijua." Vichwa tena.

"Nataka Mpanda," akaandika fundi.

"Mpanda ni ya wenyewe, haipewi mgeni."

"Nipeni Mpanda."

Hakuna aliyempa. Kundi lenye mwalimu mkuu, lenye mashemasi wa makanisa mawili, lenye wanawake wa umri wa mama yake. Wote walikuwa wanasoma, maana simu huonyesha nani amesoma. Na mimi kiongozi, mimi mwenye mvi, niliandika maneno haya, nayanukuu yote ili nisijipunguzie: "Wanangu, tusisahau huu ni mchezo. Binti, pokea mji tuendelee."

Akajibu, "Asante Mwalimu." Kisha simu ikaandika kwamba ameondoka kwenye kundi.

Mke wangu alikuwa anasoma begani kwangu.

"Umemfukuza," akasema.

"Mimi? Ni yule wa vipuri."

"Wa vipuri amemtukana. Wewe umemwambia apokee."

Nikamwambia hajui mambo ya makundi. Akaondoka kwenda kuchambua maharage, na hakusema nami hadi sala ya jioni.

Jumatatu asubuhi nilikwenda dukani kwa yule bwana. Nilitembea haraka kuliko magoti yangu yanavyoruhusu.

"Shikamoo mzee! Karibu kiti."

"Sikai. Jana ulisema nini?"

"Aa, mzee, utani ule."

"Utani ni wa watu wanaozikana. Mtani wako akifa unakwenda kumfanyia vituko msibani, unachimba kaburi. Umewahi kukanyaga msiba wa kwao?"

Akacheka, akapangusa mnyororo wa pikipiki kwa tambara. "Mzee umelikuza jambo."

"Wewe umekuja hapa nyuma ya ng'ombe wa baba yako. Vumbi lao nalikumbuka, lilifika mpaka kwenye madirisha ya kanisa. Yule binti alikuwa amekwisha kuzaliwa hapa. Nani mgeni?"

"Mimi Mtanzania, mzee. Ng'ombe wakitoka Shinyanga kuja hapa hawajavuka mpaka."

"Na yeye?"

"Yeye ana karatasi."

"Ya kwako iko wapi?"

"Mimi ya nini?" akasema, na kwa kweli alikuwa anashangaa. "Nani ataniuliza?"

Nilitamani kumwambia maneno ambayo mzee wa kanisa hayasemi. Mungu akanifunga mdomo. Nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu.

Kutoka hapo nilikwenda Shanwe. Chumba cha fundi kina cherehani moja mlangoni na meza ya kukatia. Nilimkuta anakata karatasi kwa mkasi, anatengeneza vielelezo vya kola za sare za shule. Alinisalimia kwa heshima, akanipangusia kiti. Nikatazama zile karatasi mezani, nikaona maandishi. Kwenye kola moja nilisoma, "bibi akafunga sanduku la bati akakaa juu yake." Sentensi hiyo naijua. Niliisifu mimi mwenyewe kwenye kundi.

"Binti, hiki si kitabu chako?"

"Kilikuwa. Karatasi ni ngumu, zinafaa."

"Weka mkasi chini, nakuomba."

Akauweka. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinitisha zaidi. Nikamuuliza yule mgeni wa kitendawili ni nani.

"Hati ya uraia ya baba," akasema. "Iko kwenye nailoni, ndani ya sanduku la bati, juu ya Biblia. Sisi watoto tulikatazwa hata kuigusa. Ikitakiwa ofisini, tunakwenda wote. Tunaoga, tunavaa nguo za Jumapili, mpaka bibi anabebwa kwenye baiskeli. Maana baba anaogopa akienda peke yake hataaminika. Nilidhani watu wataipata haraka, Mwalimu. Kisha nikakumbuka kwamba nyie hamna kitu kama hicho nyumbani."

Nilimwomba msamaha. Nikamwambia yule wa vipuri nimemkemea.

"Yule nimemzoea. Sokoni wananiambia hivyo kila siku, nakata bei naondoka. Kwako sikuwa nimezoea."

"Basi mimi nakupa Mpanda. Sasa hivi, hapa."

Akatabasamu kidogo. "Mpanda si ya kwako peke yako, Mwalimu. Mlininyima mbele ya watu."

Niliomba anipe zile karatasi ambazo hazijakatwa nimtunzie. Alifikiri, akanikabidhi. Kola akabaki nazo.

Jumapili iliyofuata saa kumi niliandika kwenye kundi kwamba nimekosa, na kwamba kosa langu ni kubwa kuliko la aliyetoa tusi, maana mimi niliombwa ulinzi nikatoa amri. Nikaandika kwamba hakuna kitendawili kingine kitakachotegwa hadi kile cha fundi kimalizike. Kisha nikasubiri. Nina uvumilivu, Mungu alinijalia. Nimewahi kumsubiri mtoto mmoja miaka mitatu akariri Nasadiki. Lakini kimya kile kilinichoma. Siku ya tatu mtu akatuma picha ya maua. Jumapili ya pili mmoja akalalamika, "Mzee, mchezo umekwama, watu wana sura zao." Wa vipuri akaandika kwamba wazee wakishika simu ni shida, akapata vichwa vyake vya njano. Hasira yangu sasa haikuwa tena kwa mtu mmoja. Watu wale walilia na yule msichana wa hadithini sura baada ya sura, wakaniandikia usiku na mchana kwamba wanasubiri mwisho wake. Mwandishi wake aliposimama mbele yao akiomba mji aliozaliwa kando yake, wakashindwa kuandika neno moja la herufi sita.

Jumapili ya tatu asubuhi nilipata ujumbe wa pembeni kutoka kwa mlinzi wa nyumba ya wageni Sitalike. Huyu huandika hadithi za tembo wanaoingia mashambani. Kwa lafudhi yake watu humwita Mha wa Kigoma, maana Kiha na Kirundi vinakaribiana, naye hakuwahi kukanusha.

"Mzee, jibu nililijua dakika ile ile. Hata kwetu lipo, kwenye sanduku la mama. Niliogopa. Ningejibu, wangejua."

Nilimwandikia maneno makali, nikayafuta. Nikaandika mengine, nayo nikayafuta. Kisha nikamfikiria amekaa getini na simu yake, anajua jibu, anatutazama sisi tukicheka. Nikaona kwamba hofu ile hakuzaliwa nayo. Tulimpa sisi. Nikamwandikia hivi tu: "Mwanangu, sikulazimishi. Nitakuombea kwa lolote utakaloamua."

Saa kumi alasiri akaandika mbele ya wote: "Jibu la kitendawili cha fundi ni hati ya uraia. Na kwetu ipo. Mimi pia nilizaliwa Katumba."

Hakuna kichwa cha njano kilichocheka. Baada ya muda mama lishe akaandika, "Karibu kwenu, kaka." Halafu mwalimu mkuu. Halafu wengine, mmoja mmoja. Wa vipuri hakuandika kitu.

Nilikwenda Shanwe siku iliyofuata, nikamsomea fundi ujumbe ule kwenye simu. Alisimamisha cherehani.

"Amepatia," akasema.

"Amepatia. Kwa sheria ya mchezo, kitendawili kikipatiwa hakuna mji wa kuomba wala wa kunyimwa. Na sheria yangu nyingine, ile ya kumsafirisha mhusika, nimeifuta."

"Basi sura ya mwisho ni yake kabla ya wote," akasema. "Rudisha karatasi zangu."

Aliiandika kwa wiki mbili, kati ya sare na sare. Yule mlinzi aliifuata mwenyewe kutoka Sitalike, nami nilikuwepo. Walisalimiana kwa Kirundi, "Amahoro", pale mlangoni kwa sauti ya kawaida, wapita njia wakisikia, na hakuna aliyeshusha sauti. Kurasa zilizokuwa kola alikuwa amezibandika upya kwenye karatasi nzima, mkato wa mkasi unaonekana. Kitabu kikaenda steshenari hivyo. Kwenye kundi hajarudi, na sijamwomba.

Kwenye sura ile msichana hasafiri. Anaamka Mpanda, anafagia uwanja, anafungua sanduku la bati mwenyewe, anatazama, anafunga.

Wa vipuri bado yupo kundini. Nikipita dukani kwake namsalimu, kwa sababu Mungu ameniamuru. Sijaweza kukaa kwenye kiti chake. Naomba niweze kabla sijafa, na naomba pia hasira hii isiniishie mapema, kabla sijajifunza kusema neno linalotakiwa kwa wakati wake.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akubariki wewe na walio nyumbani mwako. Akupe mahali ambapo hutaulizwa umetoka wapi, na siku jirani yako atakapoomba neno moja kutoka kwako, Mungu asikuache ukakaa kimya.