Kisigino cha Mvushaji

Kila mvua kubwa ilipopita, kapita wa posta, msimamizi wa kituo cha serikali, aliamuru mtumbwi wa kuvukia mto Lowa upakwe lami ya barabara, na kila mara mvushaji aliibandua. Aliweka makaa kwenye kigae, akakipitisha juu ya ubao mpaka lami ilainike, akaisugua kwa mawese, akaikwangua kwa jembe lililolika, polepole, kama anayemnyoa mgonjwa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hata kanisani. Kisha alimwaga maji ndani ya mtumbwi, akalala chini yake, kati ya magogo yaliyouinua, na kuubana ubao kwa shavu apate kuhisi panapovuja.

Asubuhi ile mto ulikuwa umejaa. Mke wangu alikuwa ameshikwa na uchungu, na mkunga yuko ng'ambo.

"Papa, unatafuta nini tena pale?" nikamuuliza mvushaji, aliyekuwa amelala chini ya mtumbwi.

"Lami inafunika tu, kaka. Haiponyeshe."

Shavu lake lilitoka limelowa. Alimtazama mke wangu, akautazama mto. Utomvu mpya wa kuzibia ufa ungetaka siku nzima kukauka. Akavua shati, akalikunja, akalishindilia kwenye ufa kutoka ndani ya mtumbwi na kulikanyaga.

"Mupande."

Alituvusha akiwa amesimama, kafi mikononi, kisigino cha kushoto hakiinuki. Nilisikia tu anavyohema. Ng'ambo nilimnyooshea mkono ashuke.

"Mutangulie," akasema. "Mupeleke mama."

Tulipofika juu ya ukingo niligeuka. Alikuwa bado amesimama palepale mtumbwini, amekanyaga shati lake, maji yakimfika magotini.