Transista Nene

Sauti ya mke wangu ilikuwa nyembamba na kali. Akiita kutoka ufukoni mwa ziwa hapa Kabuta, hata watu wa mitumbwi wasiomjua waliinua vichwa. Alipofariki, sauti hiyo ilibaki mahali pamoja tu: katika simu yangu, maneno machache niliyorekodi bila kukusudia. Nilitaka ndugu zake waisikie siku ya kuondoa matanga. Niliposema nina sauti yake, wao walidhani ni wimbo wa kanisani. Sikuwasahihisha.

Wiki moja kabla, amplifaya yangu ikatoa moshi. Transista, kile kidude cha ndani kinachokuza sauti, ilikuwa imeungua. Sokoni Nchelenge nilikuta mbili: moja ndogo kama ile ya zamani, nyingine nene, ya chuma, kama kifuniko cha chupa. Nikachukua nene. Sitadanganya: nilitaka kumpa marehemu heshima, na kwangu heshima ilikuwa unene.

Fundi wa redio pale sokoni ni mama Mkongo anayetoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Aliigeuza transista, akaguna, akaifunga ndani ya amplifaya.

Tulipojaribu, mke wangu akasikika kama mtu aliyeshonewa ndani ya gunia la mihogo.

"Ule ni bibi yako?" akauliza muuza sabuni wa meza ya pili. "Miye nilifikiri ni baba yake."

"Tata, hii tumbo yake ni kubwa," fundi akasema. "Inakawia kujaa."

"Transista ina tumbo?"

"Iko nayo. Ona kwenye kilio: batata upande huu, bamama upande ule, katikati hakuna mutu. Ndani ya transista ni vilevile. Vipande vimeshikana, lakini pale mpakani inabaki njia tupu. Umeme wa huku na umeme wa kule unatazamana, haugusane."

"Nani aliweka hiyo njia?"

"Hakuna mutu. Pande mbili zikitazamana hivyo, umeme unajikusanya pale wenyewe. Na transista haiitike mpaka pajae kwanza. Ikiwa nene, pande ni pana, kujaa kunakawia. Sauti nyembamba kama ya bibi yako iko mbio. Mbele ya kujaa, imeshapita."

"Kumbe nimemfunga mdomo kwa heshima," nikasema.

"Ee, tata," akajibu muuza sabuni. "Ni weye mwanaume wa kwanza kumuweza."

Fundi akatoa ile nene, akafunga ndogo. Nene nilirudi nayo mfukoni, inanigonga paja njia nzima.

Siku ya matanga, wanaume tulikaa upande wetu, wanawake upande wao, na mchanga mtupu katikati. Spika niliiweka mwisho wa mchanga. Wakwe wakainamisha vichwa, wakingoja wimbo. Nikabonyeza.

"Weye! Kuku wanakula chisense, na weye umekaa tu kama mutungi!"

Sauti ilikuwa yake, kali vilevile kama siku ile tulipoanika chisense, samaki wetu wadogo, mchangani. Kuku wawili waliokuwa wakichakura karibu na jiko wakakimbia kweli.

Wanawake walianza kucheka. Mama mkwe alijifunika kitenge usoni, mabega yanatikisika. Wanaume tulijikaza kama tulivyofundishwa, tukatazama chini, lakini kicheko kilitufikia bila mtu yeyote kuvuka mchanga. Shemeji mkubwa alianguka ubavu.

Mimi nilikawia. Nilipokuja kucheka, wenzangu walikuwa wanafuta machozi, na tayari nilikuwa nimesimama na fimbo ya kufukuzia kuku mkononi, natafuta samaki wadogo wa kufunika kwenye mchanga ambao haukuwa na kitu.