Mtetemo wa pikipiki ulivyotaka kupeleka ng'ombe mwenye mimba machinjioni

Wakuu, hamjambo huko mliko. Niko Lumakanda, na hii imenitokea mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Kuna mahali inaniaibisha, lakini nitaiandika hivyo hivyo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mama wa watoto wawili na kazi yangu ni AI, ile ya kupandisha ng'ombe bila dume. Baada ya miezi miwili hivi narudi kupima kama ameshika mimba.

Kupima ni kwa mkono. Unavaa glavu inayofika begani, unaingiza mkono nyuma ya ng'ombe, unatafuta kizazi kwa vidole. Mimi sina mashine ya kunisaidia. Watu huniita daktari ingawa mimi si daktari, nimeshazoea.

Kwa hivyo vidole ndivyo vinanilisha. Shikeni hapo.

Sasa piki. Ni ya cc 150, niliinunua ikiwa imetumika. Mwaka huu injini ilifunguliwa kubadilishwa ringi za pistoni, na tangu siku hiyo ikawa na mtetemo wa ajabu. Chini ya hamsini iko poa kabisa. Ikigonga hamsini na tano, mikono inawasha kama nimeshikilia posho mill, ile mashine ya kusaga mahindi. Ikifika sitini, lori moja kwenye side mirror linakuwa malori mawili.

Fundi wa kwanza akasema ni tairi ya mbele. Tukabadilisha, akakaza na spoku. Wapi.

Wa pili akasema ni cheni na sprocket. Tukabadilisha. Wapi.

Wa tatu aliiendesha mita mia, akarudi akinicheka. "Madam, hizi piki zikizeeka zinakuanga hivyo. Zoea tu."

Nikazoea. Hapo ndipo nilikosea.

Siku moja nilienda Kakamega mjini kuchukua vifaa. Nikirudi, barabara ilikuwa tupu na nilikuwa nimechelewa, nikashikilia sitini karibu njia yote. Sikupitia nyumbani. Nilienda moja kwa moja kwa Mama Khisa, mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, mweusi, ambaye nilikuwa nimempandisha mara tatu.

Nikavaa glavu, nikapima. Sikusikia kitu.

"Mama, hajashika," nikamwambia.

"Basi hii imenimaliza, daktari. Kuna mtu wa kununua ng'ombe za kuchinja anapita hapa leo. Wacha aende nayo."

Nikampa pole, nikaondoka. Yaani nilisema na kuondoka kama mtu aliyesoma bei ya sukari.

Nilifika nyumbani, nikamimina chai na kukishika kikombe. Kikombe cha bati, wakuu, chai imetoka tu jikoni. Nilikishika nikakaa nacho, nikawa nawaza mambo mengine. Binti yangu ndiye aliyeuliza, "Mum, hauungui?"

Nikaangalia vidole. Vimekuwa vyekundu na sisikii chochote. Nikavibana kwa meno. Ganzi.

Mimba ya miezi miwili ni kitu kidogo sana, ni tofauti ndogo ya unene ambayo ncha za vidole ndizo zinaijua. Na mimi nilikuwa nimepima kwa vidole ambavyo havikuwepo.

Nikampigia Mama Khisa. Simu imezimwa. Piki sikuigusa, nilichukua boda na kumwambia jamaa akimbize.

Kufika, ng'ombe ameshafungwa kamba na mnunuzi anamvuta kwenda getini. Walikuwa wameelewana, pesa tu ndiyo ilikuwa haijatolewa.

"Mzee, naomba usimame kidogo," nikamwambia. "Nataka kumpima tena."

"Si umeshapima? Huyu mama amesema daktari alisema iko tupu."

"Nilipima vibaya. Mikono yangu ilikuwa na ganzi."

Mlishawahi kusema sentensi kama hiyo mbele ya mteja wenu? Ni nzito. Mnunuzi alinitazama kana kwamba nimelewa. Mama Khisa alichukua kamba mkononi mwake na kumrudisha ng'ombe.

Sikukimbilia. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni pale nje, nikachovya mikono kwenye maji ya vuguvugu, nikaisugua mpaka vidole vikaanza kuchoma. Nikangoja tena. Mnunuzi analalamika, mimi nangoja.

Halafu nikavaa glavu.

Pembe moja ya kizazi ilikuwa nene kuliko nyingine, laini, imejaa maji. Nikaipitia polepole mara ya pili. Nikatoa mkono.

"Mama, ameshika. Samahani sana. Kosa lilikuwa langu."

Mnunuzi alitikisa kichwa akaenda zake. Mama Khisa alimshika ng'ombe shingoni, akakaa hivyo, kisha akaniuliza, "Sasa daktari, ungenyamaza, nani angejua?"

Hilo swali lilinifanya nisilale vizuri.

Kesho yake niliamua sigusi ng'ombe mwingine mpaka huu mtetemo nimeujua. Na hapa wakuu ndipo raha ilianza, kwa sababu niliacha kukisia na nikaanza kupima.

Nikatafuta sehemu tambarare, nikapanda mpaka sitini, mtetemo umejaa. Nikabana klachi na kuachia mafuta. Piki bado inakimbia karibu sitini, lakini mikono imetulia kabisa. Kumbe si tairi, maana magurudumu yalikuwa bado yanazunguka kwa kasi ile ile. Tairi niliyobadilisha haikuwa na kosa.

Nikasimama, nikaweka neutral, nikavuta mafuta mpaka injini ikalia kama iko sitini. Mtetemo huo, umerudi. Na cheni haizunguki. Kwa hivyo si cheni.

Nilicheka peke yangu barabarani. Imebaki injini, au kinachoishika injini.

Nikaiosha piki mpaka ikang'aa, nikaikausha, nikazunguka nayo nusu saa kwenye lami kavu. Nikarudi, nikachuchumaa na tochi ya simu. Juu ya injini, pale bracket, kile chuma kinachoishika injini, inapoungana na fremu, kulikuwa na unga mwekundu kama kutu iliyosagwa. Kwingine kote kusafi. Hapo vyuma vinasagana.

Nikaipeleka kwa yule fundi wa tatu. Akaweka spana. "Madam, hii bolti imekaza."

"Najua imekaza. Washa, vuta mafuta, kisha weka kidole hapa."

Akaweka. Nikaona uso wake ukibadilika. "Inacheza," akasema polepole.

Tukaifungua. Waliofungua injini walikuwa wamerudisha bolti ndefu kuliko inayotakiwa. Nati ilikuwa inafika mwisho wa nyuzi na kukwama hapo, kabla haijabana bracket. Spana inakuambia imekaza, na ni kweli, lakini haijashika kitu.

Tukaweka bolti ya saizi yake. Dakika ishirini, basi.

Nikatoka nayo. Hamsini na tano, kimya. Sitini, kimya. Nikafika sabini, lori kwenye kioo likabaki moja, na mimi ndani ya helmet napiga vigelegele kama niko harusini.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa na hasira na mafundi walioniambia "iko sawa" bila kuangalia vizuri, na mimi nikamwambia mama wa watu "hajashika" kwa sauti ile ile. Siku hizi nikifika kwa mteja napumzisha mikono kwanza, hata akiniona mvivu. Na nikikosea, narudi siku hiyo hiyo.

Wenye piki zinazotetemeka, jaribuni klachi na neutral kabla hamjanunua tairi. Mafundi mlio humu, kama kuna kipimo nimekiruka nirekebisheni, sitakasirika. Na wewe ambaye kazi yako imewahi kukulazimisha kurudi kwa mteja ukisema "nilikosea", tuambie hapa chini ulianzaje hiyo sentensi.