Siku Niliyomtazama Shemeji kwa Lineti

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kichwa changu kimekataa kuiachia. Siku hizi nasahau hata kama nimekunywa dawa ya asubuhi, lakini asubuhi ile ya mwezi wa sita, katika pori la njia ya Kasenga, naikumbuka mpaka rangi ya nyasi.

Nimeikumbuka tena kwa sababu wiki iliyopita vijana watatu wawindaji walipita kwangu hapa mtaani Hewa Bora kunisalimia. Walikaa nusu saa, na nusu saa nzima walibishana juu ya darubini za bunduki, zile tunazoziita lineti. Mmoja alisifu za Wajerumani, wa pili za Waamerika, wa tatu akatoa simu kuonyesha ya Wachina ambayo, eti, ndiyo kila mtu anaitafuta sasa. Walipoondoka, nyumba ikarudia ukimya wake, nami nikabaki na maneno niliyopaswa kuwaambia. Basi nakuambia wewe, kijana unayeanza kuwinda.

Sisi pia tulibishana hivyo. Jumapili baada ya misa tulikutana mtaa wa Kampemba kwa fundi mmoja wa bunduki, watu wanane au tisa. Waliokuwa na lineti za Wajapani walisema ni nyepesi na zinapatikana. Wenye za Waamerika walisema zao hazipotezi shabaha hata gari likipiga mashimo siku nzima. Ukweli ni kwamba wengi wetu tulipenda kile alichokipenda mwenye sauti kubwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini pale kwa fundi vyote vilitembezwa.

Mmoja tu hakuwa na lineti. Huyo alikuwa Mwansa, kaka ya mke wangu Monika, shemeki wangu kama tunavyosema huku. Alilenga kwa jicho lake na chuma cha bunduki, basi. Ndiye aliyenifundisha kuwinda. Alinifundisha kukaa upande ambao upepo hautanisaliti, na kumwacha mbawala jike mwenye mtoto hata kama nyumbani hakuna mboga. Tulikuwa tunaweza kutembea tangu alfajiri mpaka jua la utosi bila kusemezana, na nikirudi nyumbani nilijiona nimezungumza siku nzima.

Mwaka ule wa kisa hiki, fundi mmoja wa migodi alikuwa anarudi kwao Ulaya, nami nikanunua lineti yake ya Kijerumani. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Nilipoitazama mara ya kwanza, mti wa mbali ulinijia na magome yake yote. Nikawa mtu wa kutazama kila kitu: ndege, kichuguu, moshi wa wachoma makaa. Na lineti, unajua, imefungwa juu ya bunduki. Unachokitazama, mdomo wa bunduki unakitazama pia.

Asubuhi ile tuliachana, yeye akapita chini karibu na kijito, mimi nikabaki juu. Baada ya muda nikaona nyasi zinatikisika. Hazikutikisika kama zinavyotikiswa na mnyama, hilo nalijua. Nilijua ni mtu, na nilikisia ni yeye. Hata hivyo nikainua bunduki ili nione vizuri. Na kweli niliona vizuri: uso wake, jasho, shati lake la kaki lenye kifungo kimoja kilichokatika nusu. Kisha akainua macho. Tukatazamana, yeye kwa macho yake, mimi kupitia kile kioo. Sikuona hofu. Niliona mtu aliyesimama akingoja.

Nikashusha bunduki. Akapanda mpaka nilipo, polepole.

"Shemeki, ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilitaka kujua ni nani anatembea kule. Lineti hii iko ya ajabu. Niliona mpaka kifungo ya shati yako, ile yenye ilikatika."

Akatazama mkono wangu. "Na kidole yako ilikuwa wapi?"

Kilikuwa kwenye kifyatulio, na wote wawili tulijua. Akatoa risasi zake kwenye bunduki, moja moja, akazitia mfukoni, akaanza kuelekea barabarani. Nilimfuata nyuma mpaka tukapata gari, na njia nzima nilikuwa nawaza jinsi lineti ile ilivyo nzuri. Ndivyo nilivyokuwa.

Ningeishia hapo, labda ningepona. Lakini Jumapili, Mwansa hayupo, nilikisimulia kisa kile pale kwa fundi wa bunduki. Nilikisimulia kama sifa: umbali wote ule, na bado niliona kifungo. Watu walicheka, na kabla ya mwaka kwisha wanne kati yao walikuwa wametafuta lineti kama yangu. Kisa kikatembea, kikafika masikioni mwa Mwansa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi ulimi wangu ulijikwaa mbele ya watu wanane.

Monika aliniambia, "Enda umuombe kaka musamaha. Si juu ya bunduki. Juu ya vile ulichekesha bantu."

Nikamjibu, "Sikumpiga risasi. Nitaomba msamaha wa nini?"

Jibu hilo nililibeba kwa miaka mingi. Mwansa hakunitukana, hakunisema kwa mtu. Alikuja kwenye ubatizo wa watoto wetu, akakaa kiti cha mbali, akaondoka mapema. Nilijaribu kuwinda na wengine, lakini walikuwa watu wa kelele. Mwishowe nikaiuza bunduki na lineti yake pamoja. Siku tulipomzika Monika, yeye alisimama upande mmoja wa kaburi, mimi upande wa pili, na hakuna aliyezunguka.

Baada ya arobaini nikaenda kwake, mtaa wa Annexe, kwenye shamba lake la mahindi. Alinipokea kwa heshima. Akaleta maji ya kunawa, tukala bukari, ndio ugali wetu huku, na matembele, tukaongea habari za mvua. Ndipo nikapiga magoti, mzee kama mimi, nikasema nililopaswa kulisema tangu zamani. Akanishika mkono, akaniinua.

"Nilikusamehe siku ile ile, shemeki. Mungu anajua. Lakini muili haisikie mambo ya kusamehe. Kila nikikuona, kifua yangu inatafuta mahali ya kujificha. Si mimi ninaituma."

Akanisindikiza mpaka barabarani. Sikurudi tena, kwa kumhurumia.

Sasa sikiliza, mwanangu. Nunua lineti unayoitaka, ya Wajerumani au ya Wachina, sitakugombeza. Na wenzako wakisifu yao, waache wasifu. Lakini usimtazame mtu kwa kitu kinachoweza kumuua, hata kwa mchezo, hata kwa kumtafuta. Na ukimtia ndugu yako hofu, usingoje damu imwagike ndipo uone kosa. Mwendee siku ile ile, kabla jua halijazama, kabla hujamsimulia mtu mwingine, kwa maana hofu ni kama alama kwenye udongo wa mfinyanzi: udongo ukiwa mbichi inafutika kwa kidole, ukikauka ni mpaka uvunje chungu.

Mungu akupe macho ya kutambua na mikono ya taratibu. Akupe wa kutembea naye kimya, na akujalie usimpoteze. Amina.