Salamu Niliyompelekea Baba Mdogo

Wapo wanaoendesha baiskeli kwa ajili ya afya, na wapo wanaoendesha kwa sababu hawana nauli. Mimi niliendesha kutoka Kamsamba hadi Isongole kwa sababu ya chuki. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanipongeza. Nilipoanza kufanya mazoezi asubuhi pale Tunduma, majirani zangu wa sokoni walisema mama wa mchele sasa ameanza kuujali mwili wake, nikawaacha waseme. Ukweli ni kwamba nilikuwa najiandaa kwenda kumtusi mzee mmoja, na tusi lenyewe lilihitaji baiskeli.

Mzee huyo ni baba yangu mdogo. Kwetu Ileje, ukiwa juu ya baiskeli ukakutana na mkubwa wako, unashuka. Haijalishi kama una mzigo au uko katikati ya mlima. Unashuka, unasalimia, na kama wewe ni mwanamke unapiga goti, halafu ndipo unaendelea na safari yako. Anayemsalimia mzee akiwa amekaa juu ya siti, habari zake hufika nyumbani kabla yake. Nimewahi kuona mwanamume mwenye ndevu akiitwa kwenye kikao cha ukoo kwa kosa hilo tu. Basi mimi nilitaka nifike hadi uani kwa baba mdogo, mbele ya wakwe zake, wake wa wanawe, na wajukuu zake, nimtazame usoni, nisishuke.

Nieleze alichonifanyia. Baba yangu alikuwa na baiskeli nyeusi, na alinifundisha kuiendesha mwenyewe kwenye shamba la maharage lililokwisha kuvunwa, nikipitisha mguu chini ya bomba la kati kwa sababu siti sikuifikia. Nilipochaguliwa kwenda sekondari alisema mbele ya watu kwamba hiyo ndiyo itakayonipeleka shule, maana shule ilikuwa ng'ambo ya mto na mbali. Akafariki kabla sijaanza. Matanga yalipokwisha, baba mdogo aliitoa baiskeli ukutani akampa mwanawe. Mama alipomuuliza, alijibu kwamba mtoto wa kike akipanda baiskeli anaharibika. Alisema hivyo mara moja tu, bila hasira, akaagiza maji ya kunawa, na shauri likaishia hapo.

Mwanawe hakwenda nayo shule yoyote. Aliitumia kuvushia sukari ya magendo mpakani mpaka ikamfia. Mimi nilikwenda shule kwa miguu. Nilikuwa nafika nimelowa, nasinzia darasani, nachapwa kwa kuchelewa, hadi nilipokuwa kidato cha pili mto ukajaa nikaacha kabisa. Mama alilia. Mimi sikulia, niliweka moyoni, na nikaendelea kuweka nilipohamia Tunduma, nilipokuwa nauza mchele kwenye beseni barabarani, na hata nilipopata duka na gari dogo la kubebea mizigo. Watu husema kinyongo kinamchosha anayekibeba. Changu kiliniamsha alfajiri kwenda kazini.

Mwaka huu nikasikia baba mdogo anaumwaumwa. Niliingiwa na hofu ya kweli, asije akafa kabla sijamfikia.

Ningeweza kwenda kwa gari, au kuendesha baiskeli kutoka Tunduma tu, ambako si mbali sana. Lakini nilitaka nimwambie kwamba nimetoka Kamsamba, huko chini kwenye joto, nimeupita mkoa karibu wote kwa baiskeli, chombo alichosema kinamharibu mtoto wa kike. Kwa hiyo nilikwenda Kamsamba kununua mchele kama kawaida, nikapakia lori, nikateremsha baiskeli yangu, nikamwambia dereva atangulie. Akanitazama, akatazama baiskeli.

"Mama, umegombana na nani?" aliuliza.

Nilimwambia aangalie barabara yake.

Huko chini jua halina adabu. Nilipita mashamba ya mpunga yaliyobaki mabua, ng'ombe wakiyamaliza, vumbi likiniingia hadi kwenye meno. Nilipoanza kupanda kuelekea Mbozi nilishuka nikaisukuma baiskeli, nikapanda, nikashuka tena. Vijana wa bodaboda walinipita wakicheka. Mmoja alisimama kabisa.

"Mama, hiyo ngoma unaipeleka au inakupeleka? Lete nikuvute kwa kamba."

"Nikivutwa itakuwa haina maana," nilimjibu.

Aliondoka akitikisa kichwa. Mwili wote uliniuma, lakini nilikuwa na dawa yangu. Kwenye miinuko nilimtukana baba mdogo kwa Kindali, lugha ya kwetu, na kwenye tambarare kwa Kiswahili, kwa sababu kwenye tambarare pumzi ya maneno marefu ilikuwepo. Nilimwandalia hotuba. Nilizirekebisha hotuba hizo kilomita baada ya kilomita, nikazifupisha, mpaka mwisho nikaona sitasema kitu chochote, nitakaa tu juu ya siti na kila mtu ataelewa.

Kitu kimoja nilikuwa nacho makini. Njia nzima nilimshukia kila mzee niliyekutana naye, wa kike na wa kiume, hata aliyekuwa amelewa. Sikutaka mtu aje aseme kwamba mimi sina malezi, kwamba mji umeniharibu. Nilitaka kukosa adabu kwangu kuwe kwa mtu mmoja peke yake. Karibu na Mlowo, mahali ambapo kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye vichanja na baridi imeanza kuuma, nilimshukia babu mmoja aliyekuwa anageuzageuza kahawa yake kwa mkono. Nilipiga goti pale pale pembeni ya barabara. Alifurahi mno.

"Siku hizi hawashuki," alisema. "Wanapita wanakupungia mkono tu, utafikiri wewe ni kituo cha basi. Unakwenda wapi mwanangu?"

"Isongole, babu. Kumwona baba yangu mdogo."

"Kwa baiskeli?"

"Kwa baiskeli."

Akaniwekea mkono kichwani akaniombea, kwamba Mungu anitangulie mimi ninayewakumbuka wazee wangu. Nikaitikia amina. Sitasema kwamba niliona aibu, kwa sababu sikuona. Nilijiona nimepata baraka za safari kama msafiri mwingine yeyote, nikalala vizuri kwenye nyumba ya wageni pale Mlowo.

Mpemba nilikuta malori yamepanga foleni ya kwenda mpakani, madereva wamejilalia chini ya matela. Dereva mmoja wa Zambia alinisalimia kwa Kibemba, "Bamayo, mulishani!" akanipa chupa ya maji bila kuuliza ninakokwenda. Hapo nikaiacha barabara kuu nikashika lami ya Ileje. Upepo wa Julai ulinipiga usoni, vilima vikaanza kufuatana, na mimi nikaanza kuwajua watu kwa sura za wazazi wao. Moyo ulikuwa unanidunda hata kwenye miteremko. Nilipoiona mikaratusi ya kwa baba mdogo nilisimama kidogo, nikafuta vumbi kwenye baiskeli kwa kitenge changu, nikajifuta na uso. Halafu nikapiga kengele na kuingia uani nikiwa nimekaa wima.

Walikuwa wanapura maharage. Wakwe zake walikuwa na fimbo, watoto wanakusanya, na mama mdogo, mke wake, alikuwa pembeni na ungo anachambua. Baba mdogo alikuwa kwenye kiti cha uvivu mlangoni, amejifunga koti zito, amekonda. Pembeni yake kulikuwa na pikipiki mbili. Fimbo zilisimama. Niliweka mguu mmoja chini, mwingine nikauacha kwenye pedeli, mikono kwenye usukani. Sikusalimia. Nilimtazama.

Alinitambua. Alinitazama toka kichwani hadi kwenye matairi, na nikaona uso wake unabadilika. Nilikuwa nimeusubiri uso huo tangu utotoni, na sasa ulikuwa umejaa huruma.

"Ooh, mwanangu," alisema. "Kumbe maisha yamekushinda hivyo? Hata nauli ya bodaboda umekosa?" Akawageukia wakwe zake. "Mleteeni maji. Tena mkamateni jogoo mmoja, asiondoke hivihivi. Pole mama, pole sana. Tunduma ni mji mgumu."

Wale wanawake wakaanza kunipa pole mmoja mmoja. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Kwangu baiskeli ilikuwa bado ni ile nyeusi ya baba, kitu cha kunyang'anywa. Kwao ilikuwa ni kitu cha mtu aliyefilisika. Nimetoka Kamsamba nikitema vumbi ili nimtusi, naye ananiagizia jogoo. Hasira ilinipanda hadi macho yakaona giza.

"Nina gari," nilisema. "Nina duka na nina gari. Nimekuja na baiskeli makusudi ili uione."

"Nione nini?"

"Ulimwambia mama kwamba mtoto wa kike akipanda baiskeli anaharibika. Ukachukua ya baba ukampa mwanao. Mimi nikaacha shule."

Alikunja uso, akatafuta kichwani. Naamini alitafuta kweli, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba ilibidi atafute.

"Hapana," alisema. "Mimi sikusema hivyo."

"Ulisema." Ilikuwa sauti ya mama mdogo. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Ulisema ukiwa unanawa mikono. Maji nilikumiminia mimi."

Sikuwa nimewahi kumsikia mama mdogo akimpinga mumewe mbele ya watu. Nadhani hata wakwe zake hawakuwahi, kwa sababu mmoja alijiziba mdomo. Baba mdogo alimtazama mkewe, kisha akanitazama mimi, akacheka kidogo.

"Haya, tuseme nilisema," alisema. "Si umejua kuendesha? Tatizo liko wapi sasa?"

Hotuba zangu zote za barabarani zilikuwepo, naweza kuzikumbuka hata leo. Sikutoa hata moja. Nilishuka.

Niliilaza baiskeli chini, nikapita mbele ya kiti chake nikaenda mpaka pale alipokaa mama mdogo. Nilipiga magoti yote mawili kwenye makapi ya maharage, nikainamisha kichwa, nikapiga makofi polepole kama mama alivyonifundisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," aliitikia. Aliweka ungo chini, akanishika mikono, akaishikilia. Viganja vyake vilikuwa na vumbi la maharage. Nilimuuliza hali yake, nikamuuliza miguu, nikamuuliza usingizi, nikamuuliza mavuno, salamu ndefu kama anazostahili mama. Hakuna aliyeshika fimbo muda wote huo.

Nyuma yangu nilisikia kiti kikilia. Nilipoinuka nilimkuta baba mdogo amejiweka sawa, ameshusha miguu chini, amefunga vizuri vifungo vya koti, na mkono wake wa kulia umekaa juu ya goti, tayari kupokea. Alikuwa anasubiri zamu yake.

Nilijipangusa magoti, nikainua baiskeli, nikapanda.

"Na mimi?" aliuliza.

Nilikuwa nimeshaanza kupiga pedeli.