Mlima Nilioujua kwa Simu

Siku niliyoanza kazi ya kuunganisha safari sikuwa nimetoka nyumbani kutafuta kazi. Jana yake nilikuwa nimeacha kufagia uwanjani Wembley, kwa sababu ndogo ambayo leo hata siikumbuki, na mwenye nyumba wangu pale Kingsbury alikuwa na desturi ya kumgongea mpangaji aliyeshinda chumbani na kumuuliza kama anaumwa. Nikavaa koti nikatoka. Nikapanda treni iliyotangulia kufika, nikabadilisha pale wengi walipobadilisha, nikajikuta Croydon. Mji huo nilikuwa naujua kwa jengo moja tu, lile la uhamiaji, ambako pasipoti yangu ilikuwa ikisubiri uamuzi. Sikutaka kulitazama. Nikapanda tramu kwa kuwa nilikuwa sijawahi kupanda tramu, nikashuka mbele kidogo, na kwenye kioo cha ofisi moja nikaona picha kubwa ya mlima wa kijani ulioshuka moja kwa moja baharini. Chini yake palikuwa na tangazo: wanahitajika watu wa kupokea simu.

Kwetu Tanga shangazi zangu waliniita kiguu na njia. Shule niliiacha darasa la sita, nikafuata lori la machungwa hadi Arusha, nikapikia kambi ya wapima barabara, kisha nikalea watoto wa familia moja iliyonileta London, ikahama, ikaniacha. Sikuwahi kukaa mahali hadi nikajua majina ya majirani wote. Kwa hiyo msishangae nikisema niliingia ofisi ile kwa sababu ya mlima.

Aliyenihoji alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, Mgujarati mzaliwa wa Mwanza, aliyekaa Kingsbury kama mimi ila upande wenye bustani. Nilipomwona uso na kulisikia jina lake mlangoni, nikamwamkia shikamoo. Akajibu marahaba kabla hajafikiri, halafu akacheka peke yake. Akaniuliza ninajua nini kuhusu visiwa vya Karibi. Nikamwambia sijui lolote, nikamuuliza mlima ule kama una mto, mvua yake hunyesha miezi gani, na nani anakaa kwenye ile nyumba yenye paa jekundu.

"Paa jekundu lipi?" akauliza.

Nikamwonyesha, dogo kama punje ya mtama, pembeni mwa barabara ya mlimani. Alikuwa ameitundika picha ile miaka, hajaliona. Mchana huohuo nikaketishwa kwenye simu.

Vijana wa jumuiya yetu mnaoniuliza kazi ile ilikuwaje, nitawaeleza, maana leo haipo. Meli kubwa ya watalii hufunga gatini asubuhi na kuondoka jioni. Abiria anataka aone kisiwa chote katika mchana mmoja: apande, ateleze, aelee, azame. Kuunganisha ni kuyapanga mambo hayo yakae ndani ya siku moja bila kuvunja mtu. Kampuni yetu iliuza safari hizo hapa Uingereza kabla abiria hajapanda meli, na mimi, baada ya muda wa kupokea simu tu, nikahamishiwa dawati la visiwa. Dawati lilikuwa meza mbili na feni.

Aliyenifundisha ni mtu wa upande wa pili wa simu, Alford, dereva na mkuu wa waongozaji kule kisiwani. Hakuniita kwa jina. Aliniita London. Alikuwa na sauti nzito na subira ya mtu aliyezoea kungoja wageni wavae viatu. Kavu kwanza, maji baadaye, aliniambia wiki ya kwanza. Kamba ya kuteleza, yaani waya wa chuma uliovutwa juu ya bonde kutoka mti hadi mti, huhitaji mikanda inayobana kiuno na mapaja, na ngozi iliyolowa ikivalishwa mikanda ile huchubuka. Kwa hiyo kamba ni asubuhi. Baadaye mto, ambapo watu huelea wamekalia tyubu kubwa za magari na kutoka na tope hadi masikioni. Bahari huja mwisho, kwa kioo cha macho na mrija wa kupumulia, kwa sababu chumvi inaosha tope. Na mtu aliyezama kwa mtungi wa hewa usimpandishe mlimani siku hiyohiyo, kwani hewa iliyojificha kwenye damu yake itamdhuru akifika juu.

Hayo yote niliyashika. Lakini kilichonifanya niipende kazi ni maneno yake ya asubuhi. Alikuwa akipiga simu na kusema, "London, leo mlima umevaa kofia." Maana yake wingu limekaa kileleni, mvua inanyesha huko juu, na kabla ya mchana mto utakuja na maji ya kahawia. Basi nilitoa mto kwenye ratiba nikaweka matembezi ya farasi, na watu hamsini waliokuwa bado wanakunywa chai melini wakabadilishiwa siku yao na mwanamke aliyekaa Croydon akitazama mvua nyingine kabisa.

Nilimuuliza pia kuhusu paa jekundu. Akacheka. Ilikuwa nyumba ya dada yake, Verna. Hapo ndipo nilipopata wazo langu bora katika miaka yote ya kazi. Kati ya kamba na mto niliweka nusu saa isiyo na shughuli, magari yasimame kwa Verna, watu wakae kwenye mabenchi, wanywe juisi ya mapera, watazame bonde walilotoka kuliruka. Kwenye ratiba niliiita pumzi, na Waingereza wa ofisini wakalichukua neno hilohilo, wakilitamka wanavyoweza. Alford ndiye aliyeyachonga mabenchi. Wageni waliporudi waliandika zaidi kuhusu ile nusu saa kuliko kamba.

Kampuni ilikuwa na utaratibu wa kumpeleka mfanyakazi mmoja kila mwaka akaione safari anayoiuza. Kwangu mimi hilo ndilo lilikuwa jambo. Mshahara haukuwa wa kunipeleka mwenyewe, kwani ulikuwa na mama Tanga na chumba Kingsbury wakiungoja. Lakini hata kama ungetosha, nilitaka nipelekwe. Nilitaka nishuke pale kama mtu wa kazi, nimpe Alford mkono.

Miaka ya mwanzo sikuweza kudai, kwa sababu pasipoti ilikuwa bado kwenye lile jengo, na kutoka nchini kungekuwa kutoka moja kwa moja. Kutoka dirisha la ofisi yetu niliona kona ya jengo hilo. Hatimaye ikarudi. Nikampelekea Mkurugenzi ofisini kwake nikiwa nimeishika mkononi kama mtoto aliyefaulu mtihani. Akafurahi kweli, akanimiminia chai ya mkewe iliyokuwa kwenye chupa, akasema, "Mwaka huu wewe, dada yangu. Mimi nimesema."

Mwaka ule alikwenda kijana wa mauzo, kwa sababu alifaa kwenye picha za matangazo. Uliofuata akaenda Msimamizi wa Simu, mama mmoja wa Kent aliyekuwa anastaafu. Baadaye akaenda mtu wa hesabu. Mkurugenzi aliwakatalia wengine kwa Kiingereza na barua. Mimi alinikatalia kwa Kiswahili na chai.

"Nikikupeleka wewe, simu ya Alford nani atapokea?"

"Si nitakuwa nimekaa naye, Mzee."

"Ndiyo hapo sasa. Mkikaa wote huko, hapa nani ataunganisha?"

Tukacheka wote wawili. Nilitoka pale nikiwa bado natabasamu, na ilinichukua hadi kituo cha tramu kuona kwamba nimenyimwa. Hakuwa mtu mbaya. Msiba wa mama yangu alikuja chumbani kwangu na mkewe, wakakaa chini kwenye mkeka. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia, na kazi ya kumchukia nimeianza nikiwa nimechelewa.

Kisha akaletwa Meneja wa Bidhaa, kijana mwenye shahada, mpole, asiyepandisha sauti. Aliitazama ratiba yangu, akaweka kidole kwenye pumzi, akauliza nusu saa hii inauza nini. Nikamwambia haiuzi kitu, watu wanakaa. Akasema basi hapo kuna nafasi ya kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya kupiga kasia. Nikapanda kwa Mkurugenzi nikiwa na hakika kwamba hili hatalikubali, maana kila mgeni aliisifia pumzi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Dada yangu," akasema, "mteja hanunui kupumua. Kupumua anapumua bure kwao."

Akanimiminia chai. Siku hiyohiyo, kwa sababu ya watu wa bima, akanipa na sharti la kuandika kwenye maelezo ya safari: aliyezidi miaka sitini na mitano haruhusiwi kwenye kamba. Nikamwambia kwamba Alford anao wazee wanaoteleza vizuri kuliko vijana. Akasema wazee wana ufukwe. Nikaliandika.

Kumwambia Alford ndiyo simu ngumu kuliko zote nilizopiga. Nilisikia kuku upande wake. Alikuwa kwa dada yake. Akasema, "Mwambie mwenyewe. Mimi siwezi." Akampa Verna simu. Hatukuwahi kuzungumza kabla ya hapo. Nikamweleza kwamba kuanzia Jumatatu magari hayatasimama, kwamba nimepigania, kwamba nasikitika. Alichoniuliza ni kimoja:

"Na juisi niliyokwisha kuikamua ya kesho?"

 Baada ya hapo Alford aliendelea kupiga, lakini alitaja hali ya mlima tu, halafu akakata.

Yaliyobaki mnayajua, kwa sababu yametokea kila ofisi. Ikaja programu ya kuunganisha. Mteja anabonyeza kamba, anabonyeza mto, anabonyeza kayaki, kompyuta inampangia. Haijui kofia ya mlima, lakini haiombi kupelekwa popote. Nikapewa kukaa nyumbani na kujibu malalamiko, halafu nikastaafishwa. Kwenye hafla ya kuniaga Mkurugenzi, ambaye naye alikuwa ameanza kutembelea fimbo, alisema kwa Kiingereza mbele ya wote kwamba mimi nilikuwa sina mbadala. Zawadi ikafunuliwa. Ilikuwa picha ya mlima, ile iliyokuwa kwenye kioo, imewekwa fremu.

Nawaambia ukweli wangu, sio ushauri. Nilikuwa mtu wa kuondoka. Niliacha shule, nikaacha mji, nikaacha kazi bila kuaga. Kazi moja tu niliikalia, nayo ilikuwa ya kuwatembeza wengine. Nilidhani nimetulia kwa sababu nimepata ninachokipenda. Sasa naona nilisifiwa tu, tena kwa lugha ya kwetu, na mtu aliyekaa mbali na kwao hushibishwa na kidogo. Mkisikia mnaambiwa bila nyinyi ofisi haiendi, angalieni mlango uko wapi.

Picha niliiacha kwa mwenye nyumba wa Kingsbury. Pensheni ilipotulia, asubuhi moja nikavaa koti lilelile, nikaenda uwanja wa ndege bila kumwambia mtu, bila chumba nilichopangiwa, kama nilivyokwenda Croydon. Safari yenyewe ya mlimani niliinunua kule kisiwani, gatini, kwa kubonyeza, mtalii kama mtalii yeyote.

Mlima ulikuwa mkubwa kuliko sauti ya Alford. Ulikuwa wazi kabisa kichwani, bila kofia. Gari lilitupandisha, tukafika kwenye kamba, na kijana mmoja mwenye heshima akatazama mwaka wangu wa kuzaliwa kwenye pasipoti kabla ya kunivalisha mikanda.

"Samahani, Bibi," akasema. "Ni masharti ya London."

Nikamwambia nayajua. Akanionyesha kivuli cha kungojea. Wenzangu wakaruka mmoja mmoja, wakapiga kelele juu ya bonde, na mimi nikachukua begi langu nikashuka barabara kwa miguu. Nilijua nitakachokikuta kwenye kona.

Paa lilikuwa limeshika kutu, wekundu umebaki pembeni. Mwanamke mrefu, mzee kunizidi, alikuwa anaanika nguo. Nikamwamkia kwa Kiingereza, nikasema natafuta chumba. Aliacha kibanio cha nguo mdomoni akinisikiliza, kisha akakitoa.

"Hiyo sauti naijua," akasema. "Wewe ni London. Wewe ndiye uliyeniambia magari hayatasimama."

"Ndiyo."

"Alford alikufa msimu wa mvua uliopita. Tuliwaandikia ofisini kwenu." Akabana shuka kwenye kamba. "Ikajibu mashine. Ilitushukuru kwa kuichagua safari yenu."

 Akaniambia vyumba anavyo, siku hizi anapangisha, maana juisi haikuwa tena na wa kuinywa. Nikae kwenye benchi kwanza, yeye akatandike.

Mabenchi yalikuwa palepale, mazito, pembe zake zimelainishwa kwa mkono. Nikakaa. Bonde lilionekana lote, kama nilivyopanga wageni walione. Baada ya muda gari letu likaja likishuka kuelekea kwenye kayaki, likapunguza mwendo kwa ajili ya shimo la barabarani, na wenzangu niliopanda nao asubuhi wakatazama nje. Hawakunitambua. Mmoja akainua simu yake akanipiga picha, bibi wa kisiwani ameketi mbele ya nyumba yake, akanipungia mkono, nami nikampungia.

Gari likaongeza mwendo. Verna akaniita ndani niende nikione kitanda.