Fundi wa Meli na Nukta Nyekundu

Harufu ya gundi ya mbao ikinifikia popote, hata mlangoni mwa duka la viatu, huniletea swali lile lile: je, kaka yangu alikufa kwa sababu ya neno moja nililolisema nikiwa na miaka minane? Swali hilo limeninyima usingizi shuleni na chuoni, na sasa nyumbani, ambako nina shahada, sina kazi, na nina muda mwingi mno wa kufikiri. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hiyo nilikuwa mimi peke yangu.

Mwaka 1993 tulikaa mtaa wa Biryogo, na Baba alikuwa seremala. Mwalimu mmoja mgeni alimwagiza ajenge, ndani ya ukumbi wa shule, sehemu za ile meli kubwa iliyogonga mlima wa barafu katika safari yake ya kwanza, ili watu wapite ndani yake kama abiria. Baba hakuwahi kuona meli. Alifanya kazi kwa kutazama picha, majuma mengi, mpaka nguo zetu zote zikanuka gundi na vumbi la mkaratusi. Alijenga ujia mwembamba, vyumba vyenye vitanda vya ghorofa, sakafu iliyoinama upande mmoja, na mashua ya kuokolea watu. Alipoambiwa kwamba mashua za meli hiyo hazikuwatosha abiria, aliweka randa chini. "Na fundi wao alinyamaza?" aliuliza. Mwalimu akajibu kwamba mafundi hawakuulizwa. Baba akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye naye hajazoea kuulizwa.

Siku ya ufunguzi alinichukua mimi. Mlangoni kila mgeni alipewa kadi yenye jina la abiria au mfanyakazi wa kweli wa meli hiyo. Mwisho wa ziara ungelitafuta jina hilo ukutani, ujue kama mtu wako alipona au alizama. Mimi nilipata mama mmoja wa daraja la tatu. Baba alipata seremala wa meli, na hadi leo sijui kama ilikuwa bahati au hila ya mwalimu. "Ona, mama, wameniandika mimi kabisa," aliniambia, akawaonyesha hata watu asiowajua. Ndani kulikuwa na giza, na redio ya kaseti ilinguruma kama mitambo. Palikuwa na beseni la maji ya barafu ili tujaribu kuzamisha mikono. Mimi niliutoa wangu mara moja. Baba aliuacha wake mpaka vidole vikakakamaa. "Maji haya hayaui mtu upesi," alisema. "Yanamchosha kwanza."

Ukutani majina yalikuwa ya herufi ndogo, na waliozama walikuwa na nukta nyekundu. Baba alikuwa amesahau miwani karakanani. "Fundi wangu yuko wapi, mama? Amepona?" Nililiona jina, nikaiona nukta. Niliutazama uso wake, nikasema, "Amepona."

Jioni hiyo alimsimulia Mama na kaka yangu Hamisi, kisha majirani, kisha kila mteja. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka uliofuata, mjomba wangu alipokuja na gari la kuazima akituomba tukimbilie naye Ngara, ng'ambo ya mpaka, Baba alikuwa na jibu tayari. "Shemeji, wewe nenda. Fundi wa meli alipona, na mimi nitapona." Tukabaki. Ikaja Aprili, na mauaji yakaanza. Hamisi alitoka kutafuta maji, hakurudi. Sitaandika zaidi ya hapo. Nimechoka, na wasomaji wa nchi hii wanajua.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka kumi na sita. Nimeandika barua nikazichana, nimefika karakana ya Baba mara nyingi nikaishia kuuliza bei ya msumari. Siku hizi yuko mtaa wa Gisozi, kati ya mafundi wengine wengi, misumeno ya umeme ikilia kutwa nzima, na kadi ile imo ndani ya kopo lake la misumari. Mbao za meli sijui zilikwenda wapi. Labda zimekuwa milango ya watu. Jumanne iliyopita nilimkuta akipiga msasa mguu wa kiti. Sikukaa, maana ningekaa ningefikiri.

"Baba, yule fundi hakupona. Alikuwa na nukta nyekundu. Nilikudanganya."

Aliendelea na msasa mpaka akamaliza mguu ule.

"Na wewe ulifikiri nilibaki kwa ajili ya kadi?"

"Ulimwambia Mjomba hivyo."

"Nilisema hivyo kwa sababu ninyi mlikuwa mnasikiliza. Gari lile lilikuwa na nafasi ya watu wawili, Zaina. Sisi tulikuwa wanne." Alipuliza vumbi kwenye kiti. "Ningewaambia nini waliobaki?"

Alifungua kopo, akaitoa kadi, akanipa bila kuitazama.

"Basi ni yako sasa. Mimi nimeibeba inatosha."

Kisha akainua ncha moja ya ubao uliokuwa sakafuni, akaningoja. Nilitia kadi mfukoni, nikashika ncha ya pili.